Wananisalimu wakipita, nami nabaki na jibu mdomoni

Shikamoo Shangazi,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na tangu mwaka 2023 naishi Sheffield, Uingereza, ambako nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu na mwanangu wa miaka saba wamebaki nyumbani pamoja na mama mkwe. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo nimeona haya kumweleza mtu yeyote hapa, kwa sababu likitamkwa linaonekana dogo mno: sijui kuongea na wenzangu maongezi ya kawaida ya kupitisha muda kwa Kiingereza.

Tafadhali usidhani kwamba Kiingereza sikijui. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili kama watoto wengi wa Tanzania, lakini kuanzia kidato cha kwanza masomo yote isipokuwa Kiswahili yalikuwa kwa Kiingereza, na kabla ya kuja huku nilifanya mtihani wa lugha wa kimataifa, IELTS, nikapata alama zilizotakiwa kwa ajili ya viza. Wakati wa kukabidhiana zamu naeleza bila kigugumizi nani amekula nusu sahani, nani presha yake imepanda na nani ana kidonda kinachoanza kisiginoni. Nikiandika kwenye jalada la mzee, muuguzi husoma na kuendelea na kazi bila kuniita kuniuliza. Shida yangu huanza pale kazi inaposimama.

Katika juma langu la kwanza nilipishana na mwenzangu mmoja kwenye korido, akaniuliza, "You all right?" Kwa kuwa alinijulia hali, na kwa kuwa kwetu mtu akikujulia hali unasimama, nilisimama nikamjibu kweli: kwamba sikulala, kwamba mwanangu ana homa na wanasubiri majibu ya kipimo cha malaria, na kwamba goti linaniuma kwa sababu ya ngazi. Alikuwa ameshapita hatua tatu. Akageuka, beseni la maji mkononi, uso wake kama wa mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu ndani. Akasema pole, akaenda zake. Nilibaki pale ukutani natokwa na jasho pamoja na baridi yote ile.

Siku nyingine, kwenye chumba cha mapumziko, niliulizwa nitakuwa na nini kwa "tea" siku hiyo, nikajibu maziwa na sukari vijiko viwili. Walicheka wote. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba watu wengi wa kaskazini ya Uingereza chakula cha jioni hukiita chai. Kisha likaja la shuka. Neno la Kiingereza la shuka, nikilitamka kwa irabu yetu fupi, hugeuka kuwa tusi la kinyesi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni naomba mashuka mawili safi kwa sauti kubwa. Hadi leo yupo mfanyakazi mmoja ambaye kila nikibeba mashuka hunitamkia neno lile kwa kuniigiza, na wengine hutazama chini.

Tangu hapo nimekuwa bubu. Nakunywa chai yangu nimesimama dirishani, nimeshika simu ambayo haina ujumbe wowote mpya. Nikiulizwa kama nimefanya jambo lolote zuri mwishoni mwa juma, najibu hapana, na hapo ndipo maongezi yanapofia. Hata dereva wa basi aliponiita "love" wakati nalipa nauli, nilimkunjia uso, kumbe huwaita hivyo abiria wote, hata wazee wa kiume. Mtu pekee ninayeongea naye ni bibi mmoja wa chumba cha mwisho, mwenye maradhi ya kusahau, ambaye kila asubuhi ninapomchana nywele huniuliza kama nje kuna mvua. Lakini huyo hahesabiki, maana baada ya dakika kumi huuliza tena.

Mwezi uliopita msimamizi wangu aliniita kwenye kikao cha tathmini. Aliisifu kazi yangu, akanieleza kwamba nafasi ya kiongozi wa zamu itakuwa wazi karibuni, kisha akaongeza kwamba wenzangu wananiona mkimya sana na hawajui wanichukulie vipi. Nilielewa anachomaanisha: wananiona nina maringo, au mjinga. Sasa nafikiria kuomba zamu za usiku, ambako wafanyakazi ni wachache na wazee wamelala. Rafiki yangu Mkenya aliye mji mwingine ananiambia nikariri sentensi hamsini za kuanzishia maongezi, naye mume wangu anasema sikwenda Ulaya kupiga soga, nifanye kazi nirudi nyumbani. Shangazi, niende usiku au nibaki mchana? Na nikibaki, nitajifunzaje lugha ambayo sikuikuta kwenye kitabu chochote?

Ni mimi,
Mkimya wa Sheffield

Marahaba, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikombe cha chai mkononi, namaanisha chai ya kunywa. Ukiniruhusu nianze na hilo, maana limenichekesha kwa wema: mtu wa Tanga akikuuliza asubuhi kama umekunywa chai, huwa anauliza kama umetia kitu tumboni, na ukimjibu kwamba umekula mihogo na maji ya moto ataridhika. Askari akikuomba chai barabarani, hakuna anayekimbilia birika. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni angeaibika kwetu kwa neno lilelile lililokuaibisha wewe kwao.

Kama nimekuelewa, lugha ya kazi unayo na inakutosha. Unachokikosa ni lugha ya ile robo saa ambayo kazi imesimama, na kwa kuikosa umejitenga, na kwa kujitenga wenzako wameanza kukufasiri wanavyojua wao, na sasa unafikiria kuhamia usiku ili pasiwe na mtu wa kukufasiri kabisa. Suala la zamu nitalifikia. Kwanza naomba turudi kwenye ile korido, kwa sababu naona ndipo ulipoumia, na ndipo ulipojihukumu upesi kuliko ilivyostahili.

Chukua neno hujambo, ambalo umelisema tangu hujaota meno. Ukilipasua, mtu anakuuliza kama huna jambo, nawe unamjibu sijambo, sina jambo, hata kama umekesha na mgonjwa usiku kucha. Hakuna anayekuita mwongo. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri, na likiwepo la kusema unalifuatisha na "ila" yako: nzuri, ila mtoto ana homa. Na hiyo shikamoo uliyonianzia barua, ambayo wengi huieleza kuwa ni kushika miguu, haijamfanya mtu ainame tangu nizaliwe. Sasa swali lile uliloulizwa na mwenye beseni ndilo hujambo lao. Hurushwa mtu akiwa anatembea, na jibu lake nalo hurushwa hivyohivyo, neno moja na kumrudishia swali, kila mmoja na njia yake. Wewe ulilipokea kama habari za nyumbani za barazani, zile zenye mkeka na nafasi ya kukaa. Ulikosea kipimo cha muda, mwanangu. Kiingereza chako, kwa jinsi ulivyonieleza, kilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi kwenye goti.

Hili la maneno yasiyobeba habari halikuanza na wewe. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, huko bahari ya Pasifiki, aliandika kuhusu maongezi ya namna hii akieleza kwamba kazi yake ni kuwafunga watu pamoja, na kwamba mtu anayenyamaza mbele ya wenzake anaweza kuwatia wasiwasi kwa ule ukimya tu. Waingereza wenyewe walishajicheka mapema zaidi. Mwandishi wao Samuel Johnson, mwaka 1758, alisema kwamba Waingereza wawili wakikutana huanza na hali ya hewa, wakiambiana kwa haraka jambo ambalo kila mmoja analijua tayari. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mvua inanyesha, na wewe umeingia sasa hivi umelowa, hakudhani kwamba hujaiona. Amepiga hodi. Anachongoja ni karibu.

Nadhani, na hapa nabahatisha kwa sababu sikuoni, kwamba chumba cha mapumziko umekifanya chumba cha mtihani. Katika ule mtihani wako wa IELTS, sehemu ya kuzungumza hupewi zaidi ya dakika 14, na kuna kipengele ambacho unakabidhiwa mada, unapata dakika moja ya kuandika vidokezo, kisha unazungumza peke yako hadi dakika mbili huku mtahini akisikiliza. Uliifaulu vizuri. Lakini kwenye birika la chai hakuna ile dakika moja ya vidokezo, na wala hakuna anayetaka uzungumze dakika mbili mfululizo. Maongezi yale ni ya kupokezana kama mpira wa watoto, na anayeushika sana ndiye anayeharibu mchezo, sawasawa na yule anayeuacha uanguke. Siku ya korido uliushika sana. Tangu siku hiyo umekuwa ukiuacha uanguke.

Na kuna mtu mmoja unayecheza naye vizuri kila asubuhi, ila umemtoa kwenye hesabu. Bibi wa chumba cha mwisho anakuuliza kama nje kuna mvua, unamjibu, kitana kikiwa kichwani mwake, na baada ya dakika kumi anauliza tena, nawe, nina hakika, humjibu kwa maneno yaleyale kila mara. Siku nyingine utakuwa umemwambia ni manyunyu tu, siku nyingine kwamba jua limejaribu likashindwa. Nakuuliza swali ambalo sina jibu lake: kwa nini ulimi wako ni mwepesi mbele yake? Ni kwa sababu hatakumbuka ukikosea? Ni kwa sababu mikono yako ina kazi? Ni kwa sababu ndiye anayeuliza, tena kila siku swali moja? Jibu utakalolipata lina manufaa, maana kama ni mikono, pengine wewe si mtu wa kuongea umekaa kwenye kochi ukitazamana na mtu, bali wa kuongea mkikunja mashuka wawili wawili au mkiosha vikombe. Nao wako watu wengi wa namna hiyo, mimi nikiwa mmojawapo.

Kuhusu lile swali la mwishoni mwa juma, jibu lako la hapana ni la kweli, na sikuombi uwadanganye wenzako kwamba ulipanda milima. Lakini kwa masikio yao linafanana na mlango uliofungwa taratibu. Mtu anayekuuliza hivyo mara nyingi hataki ripoti, anataka kipini cha kushikia. Ulipika nini Jumapili? Kama ulipika wali wa nazi kwa tui la kopo na haukukolea kama wa nyumbani, hicho ni kipini tosha: sentensi moja, kisha umuulize yeye alifanya nini. Akitaka kuendelea atauliza nazi mnakunaje. Asipotaka, ameshika kikombe chake ameondoka, na hamjapoteza kitu. Yapo pia mambo ambayo kwetu ni ya kawaida na kwao huenda yakawa mazito mapema mno, kama vile kumuuliza mtu amezaa wangapi au analipwa kiasi gani. Mvua, basi lililochelewa na chakula havijamkera mtu bado.

Sasa hilo la shuka naomba tuligawe mara mbili, kwa sababu umeliandika kama jambo moja. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kinatofautisha sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, na ile ya shuka na ile ya tusi kwa sikio letu ni sauti moja iliyovutwa na isiyovutwa. Kicheko cha siku ile kinaweza kuwa kicheko cha kawaida, kama tunavyocheka sisi mgeni anapokosea neno akatamka la aibu. Lakini yule anayekuigiza hadi leo, kila ukibeba mashuka, huku wengine wakitazama chini, hayo si maongezi madogo tena, na kujifunza irabu hakutamnyamazisha. Wale wanaotazama chini huenda wanaona aibu kwa niaba yake. Unaweza kumwambia siku moja, mkiwa wawili, kwamba hupendi. Unaweza pia kuandika tarehe na maneno yenyewe mahali pako na kumpelekea msimamizi. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kudhalilishwa kazini kwa sababu ya asili au utaifa wake. Najua pia hofu ya mtu ambaye viza yake imefungamana na mwajiri, na sitakuambia kwamba kulalamika hakuna gharama. Nasema tu kwamba mzigo huo usiuweke kwenye kapu la udhaifu wako wa lugha.

Kuhusu msimamizi: aliyoyasema, kama ulivyoyanukuu, ni kwamba wewe ni mkimya na kwamba hawajui wakuchukulie vipi. Maringo na ujinga umeviongeza wewe. Inawezekana uko sahihi, lakini inawezekana pia kwamba mtu aliyetaja ukimya na nafasi ya uongozi katika kikao kimoja alikuwa anakufungulia njia. Kwetu mwanamke asiye na maneno mengi husifiwa adabu, na wewe huenda umeibeba adabu hiyo hadi mahali ambapo inasomwa kama ukuta. Ungeweza kumuuliza alimaanisha nini. Ungeweza hata kumweleza, kwa sentensi mbili tu, kwamba Kiingereza chako cha kazi ni chepesi kuliko cha soga na kwamba ukinyamaza huwa unatafuta neno. Hatari yake ni kwamba wapo watakaoanza kukusemesha polepole na kwa sauti ya juu kama wanavyowasemesha wazee wasiosikia, jambo ambalo litakuudhi. Pengine kumwambia mwenzako mmoja unayemwamini, badala ya wote, kunapunguza hatari hiyo.

Haya, zamu za usiku. Ziko sababu nzuri za kuzitaka, na uchovu wa kusikilizwa ni sababu halali. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Ila nitakuomba upime mambo mawili. Usiku watu ni wachache, lakini uchache haupunguzi maongezi, wakati mwingine huyaongeza: watu wawili macho saa tisa usiku hawana pa kujificha, na dirisha la kusimamia na simu ni giza. Kwa mtu mwingine huo ndio mwanzo wa urafiki, kwa mwingine ni mateso, na wewe ndiwe unayejijua. La pili ni saa za nyumbani. Ukitoka kazini saa mbili asubuhi wakati wa baridi, Tanga ni saa tano na mwanao yupo darasani. Utalala, na utakapoamka alasiri kule magharibi inaingia. Labda ndio muda mzuri wa kumpigia kuliko unaoupata sasa, labda sivyo. Kaa na kalamu uhesabu, usiamue kwa hasira ya korido.

Rafiki yako Mkenya hajakosea kabisa. Sentensi tatu nne zilizokaa mdomoni hukupa muda wa kuvuta pumzi. Hamsini ni kujirudisha kwenye mtihani, na ninachelea kwamba utasema ya kumi na saba kwa ufasaha kisha ukose la kusema mtu akikujibu. Maktaba na makanisa ya miji mingi ya huko huwa na vikundi vya watu wanaokutana kunywa chai na kuzungumza na wageni wanaojifunza lugha, na huko unaweza kukosea mbele ya watu usiofanya nao kazi. Na mume wako, mpe heshima yake, anasema kweli kwamba ulikwenda kufanya kazi. Lakini yeye akitoka kazini ana baraza la kukaa na watu wa kumuuliza habari za kutwa, nawe huna, na sidhani kama unaweza kukaa miaka bila mtu wa kukuuliza. Pengine hajui hilo kwa sababu hujamwambia.

Nafasi ya kiongozi wa zamu nimeiacha kando kwa makusudi. Unaweza kuitaka na kuogopa kwa pamoja, unaweza pia kutoitaka kabisa, na barua yako haikusema ni lipi.

Jambo la mwisho. Umeandika kwamba siku ile ya korido mwanao alikuwa na homa na kipimo kilikuwa hakijatoka, kisha ukapita, hukusema ikawaje. Ukiniandikia tena nianzie hapo. Mtoto hajambo?

Shangazi yako